Sura ya Tano: Kumkaribia Samaki

Swali liulizwalo zaidi na watu waanzao kupiga picha chini ya maji si swali la papa wala la mawimbi, bali ni swali la rangi. Imekuwaje, huuliza, chewa yule niliyemwona mwekundu wa kung'aa juu ya meza ya wauza samaki katika soko la Darajani, Unguja, nimpigapo picha pale anapoishi hutoka kijivu, na mwamba mzima ulio nyuma yake, ambao kila aliyeuona husifu wingi wa rangi zake, ukatoka wa buluu moja isiyo na uhai? Wengi hudhani kosa ni la kamera, wakaenda kutafuta nyingine ya thamani kubwa zaidi, na hiyo nayo ikawaletea buluu ile ile.

Katika sura hii tutalijibu swali hilo kwa utaratibu, na msomaji atakayefuatana nasi ataona ya kuwa jibu lake, ingawa huanza katika elimu ya nuru, halikomi hapo, bali hutupeleka kwenye tabia za wanyama, kwenye uhai wa mwamba wenyewe, na kwenye majira ya pepo zetu. Kwani siri ya fani hii yote ni moja, nayo ni kukaribia, na mnyama wa baharini hakaribiwi kwa nguvu.

Maji huila nuru

Nuru ya jua, ambayo macho yetu huiona nyeupe, imezikusanya ndani yake rangi zote za upinde wa mvua, na maji hayazinyonyi rangi hizo zote kwa mkupuo, bali huzichukua moja baada ya moja. Wekundu ndio utanguliao kuondoka: mzamiaji afikapo kina cha mita 5 tu, sehemu kubwa ya wekundu imekwisha potea, rangi ya chungwa huufuata karibu na mita 10, manjano huanza kufifia karibu na mita 20, na kadiri mtu anavyozidi kushuka ndivyo buluu inavyozidi kutawala peke yake. Hii ndiyo sababu mpiga mbizi aliyejikwaruza kidole katika kina cha mita 20 au 30 hushangaa kuiona damu yake mwenyewe ikitoka ya kijani au nyeusi, ilhali damu haikubadilika hata kidogo, ila nuru nyekundu ya kuionyesha haikufika huko.

Samaki wengi wekundu hujificha mapangoni mchana na kutoka usiku kutafuta riziki, na wekundu wao, ambao kwetu sokoni ni pambo, kwao chini ni maficho, kwa maana pasipo na nuru nyekundu mwili mwekundu huonekana mweusi.

Jambo ambalo wengi hawalifikiri ni kwamba maji hayahesabu kina peke yake, bali huhesabu masafa yote ambayo nuru imesafiri ndani yake, yawe ya kwenda chini au ya kwenda kando. Mtu akiwa na taa yake, akammulika samaki aliye umbali wa mita 3, nuru ile husafiri mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, ikawa mita 6 kwa jumla, nazo zatosha kuula wekundu karibu wote. Lakini akimsogelea mpaka nusu mita, safari nzima ni mita 1, na rangi hurudi kama ilivyo. Taa ni ile ile, samaki ni yule yule, khitilafu ni maji yaliyo baina yao.

Aidha, maji huupinda mwale wa nuru upitapo kutoka humo kuingia katika hewa. Mtoto atiaye mkono katika ndoo ili aokote sarafu huona sarafu iko juu kuliko ilipo. Na mzamiaji, ambaye baina ya jicho lake na kioo cha miwani pana hewa, huona kila kitu kimesogea kwa robo ya umbali wake na kukua kwa thuluthi ya ukubwa wake. Samaki aliye mita 4 humdhania yuko mita 3, na kwa hiyo anayeanza aghalabu hupiga picha akiwa mbali, ilhali nafsi yake imemwambia kwamba amekwisha karibia.

*Kwa muhtasari:* maji huiba rangi kwa kadiri ya masafa, huanza na nyekundu, na hulihadaa jicho juu ya umbali. Dawa ya yote matatu ni kuyapunguza maji yaliyo kati ya kamera na kiumbe.

Waliotangulia

Mwaka 1893, huko Banyuls-sur-Mer katika pwani ya kusini ya Ufaransa, mwanachuoni wa elimu ya viumbe aitwaye Louis Boutan alizamia akiwa amevaa vazi zito la wapiga mbizi wa zama zile, akapiga picha kwa kamera iliyofungiwa ndani ya kasha. Nuru ilikuwa haba na vioo vya picha vya wakati huo vilikuwa vizito kuipokea, hata ikamlazimu kuiacha kamera wazi kwa muda mrefu. Na kwa kuwa samaki hangojei, vile vilivyokubali kupigwa picha ni vile vilivyokaa mahali pamoja.

Mwaka 1926, katika visiwa vya Dry Tortugas karibu na Florida, W. H. Longley na Charles Martin walifaulu kupata picha ya rangi ya samaki akiwa ndani ya maji, na tadbiri waliyoitumia ilikuwa ya hatari, kwani waliiwasha baruti ya magnesi juu ya chelezo ili mmweko wake ushuke mpaka chini. Picha hizo zikachapishwa katika jarida la National Geographic mwaka uliofuata. Kisha, mwaka 1943, Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan wakakamilisha kifaa cha kumpatia mzamiaji hewa kutoka mtungi ulio mgongoni mwake kwa kadiri anavyopumua, asiwe tena mtumwa wa bomba lililounganishwa na chombo kilicho juu. Kamera ndogo ya Calypso, aliyoibuni Jean de Wouters, ilikabidhiwa kampuni ya Nikon, ikatolewa mwaka 1963 kwa jina la Nikonos, nayo haikuhitaji kasha lolote.

Ukizitazama hatua hizi kwa makini utaona zote zaelekea upande mmoja. Baruti ililetwa ili nuru ifike, mtungi ukaletwa ili mtu afike, kamera ndogo ikaletwa ili afike asiwe na mzigo. Na leo, simu iliyotiwa ndani ya kasha lisilopenya maji hufanya kazi ambayo Boutan hangeithubutu, lakini haiwezi kumpunguzia mwenyewe ile mita moja ya mwisho.

Chombo na taa

Kasha la kamera lina adui mmoja mkubwa, naye ni mgandamizo, yaani uzito wa maji unaokisonga kitu kutoka pande zote, ambao kwa kila mita 10 za kushuka huongezeka kwa kadiri ya uzito wa hewa yote iliyo juu ya nchi. Kinachozuia maji yasiingie ni pete nyembamba ya mpira iliyo mlangoni pa kasha, na unywele mmoja au chembe moja ya mchanga iliyolala juu ya pete hiyo yatosha kuyafungulia njia. Kwa hiyo wenye hadhari hulifunga kasha nyumbani na si mashuani, huikagua pete, huipaka mafuta yake kidogo, kisha hulitumbukiza kasha tupu ndani ya maji kabla ya kulitia kamera.

Lenzi zitumikazo ni za namna mbili. Lenzi pana huona eneo kubwa kwa wakati mmoja, nayo humwezesha mtu kumsogelea kasa au ukuta wa mwamba mpaka karibu kabisa na bado akampata mzima. Lenzi ya vitu vidogo hukaza nguvu zake juu ya kiumbe cha ukubwa wa ukucha. Zote mbili zina maana moja, nayo ni kuruhusu ukaribu.

Taa nayo yataka maarifa. Maji ya bahari, hata yale tuyasemayo kuwa safi, yamejaa chembe za mchanga na viumbe wadogo mno, na taa iliyowekwa juu ya kamera ikimulika mbele moja kwa moja huziwasha chembe zile zote, mfano wa vumbi la chumbani lionekanalo pale tu mwale wa jua unapopenya dirishani, na picha ikatoka imejaa madoa meupe. Wapiga picha hodari huziweka taa zao mbili mbali na lenzi, moja kulia na moja kushoto, kwa mikono ya chuma, ili nuru imfikie samaki kwa upande na chembe zilizo mbele ya lenzi zibaki gizani.

Asiye na taa asikate tamaa. Katika mita 2 au 3 za juu wekundu bado upo, na kamera nyingi zina mpango uitwao mizani ya weupe, yaani uwezo wa kuiambia kamera ni kitu gani kihesabiwe cheupe ili irekebishe rangi nyingine zote kwa kipimo hicho. Mizani hiyo huikuza rangi iliyobaki, wala haiwezi kuiumba iliyokwisha toweka.

Mwamba u hai

Kinachoitwa mwamba wa matumbawe si jiwe tu. Juu ya jiwe lile pametandazwa ngozi ya viumbe wadogo mno, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, waishio kwa jamaa na kujijengea nyumba ya chokaa. Na ndani ya miili yao wamehifadhi mwani usioonekana kwa jicho, ambao huwapikia chakula kwa nuru ya jua na kuwapa sehemu kubwa ya rangi zao. Matumbawe yaliyoviringana hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka, hata pigo moja la teke lisilokusudiwa huweza kuvunja kazi ya miaka mingi kuliko umri wa aliyelipiga.

Kwa sababu hiyo ilimu ya kwanza ya mpiga picha si kamera, bali ni kuelea: kujua kubaki pale alipo, asipande wala asishuke, kwa kupima pumzi zake, kwani mapafu yaliyojaa humwinua na yaliyopungua humshusha. Asiyeimiliki pumzi yake hushika mwamba kwa mkono, hutifua mchanga kwa mapezi ya miguuni, na mchanga ule ule alioutifua humharibia picha. Fani hii ina insafu ya aina yake, kwa kuwa kosa linaloumiza mwamba, mara nyingi, ndilo linaloiumiza picha pia.

Tabia za wenyeji

Kila mnyama ana mpaka wake, na ukiuvuka hukimbia. Mpaka huo hupungua kwa mtu ajaye polepole, kwa upande, bila kumkazia macho, akiwa katika usawa wa mnyama mwenyewe. Huongezeka kwa ajaye kwa kasi kutoka juu, ambako ndiko wanakotoka wengi wanaomla. Lakini kupita kanuni hii ya jumla, kila jamii ina kaida zake:

- *Chewa* ana saa za kusafishwa. Huenda mahali maalumu, husimama kimya na kufungua kinywa, na samaki mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni huingia humo kumtoa wadudu. Katika hali hiyo hapendi kuondoka, na mwenye subira humkaribia sana.
- *Mkunga* hufungua na kufunga kinywa wakati wote, na wageni hudhani anatishia. Anapumua tu.
- *Pweza* hubadili rangi kwa muda wa kupepesa jicho. Ajifananishapo na jiwe ameogopa. Ngoja mbali, na udadisi wake aghalabu humtoa shimoni.
- *Pono* hutafuna mwani pamoja na chokaa ya mwamba na kutoa mchanga. Usiku hulala katika nyufa, baadhi yao wakijifunika utando wa ute. Hukaribiwa kwa wepesi, lakini taa nyingi humwamsha na kumtoa mafichoni, akawa windo.
- *Kasa* huvuta hewa kama sisi. Wazamiaji wakimzunguka juu yake humfungia njia ya pumzi, basi yafaa wakae upande mmoja.
- *Bunju* hujivimbisha akiwa katika dhiki ya mwisho. Picha yake akiwa amevimba ni picha ya mnyama aliyeteswa, na mtu muungwana haitafuti.

Maarifa ya namna hii hayakuanza na wenye kamera. Kina mama wa Jambiani na Paje, watokao na vijiti vyao wakati wa bamvu, maji yapwapo mbali kabisa, huyajua mashimo ya pweza moja moja na huzisoma alama za maganda yaliyotupwa mlangoni. Na mvuvi wa madema hujua chewa yupi anakaa chini ya jiwe lipi. Mpiga picha aliyekaa saa moja na watu kama hawa amejifunza zaidi ya aliyesoma maelezo yote ya kamera yake.

Pasipovuliwa samaki

Yuko mzamiaji aliyepata kuuliza kwa nini picha zake za mahali fulani ni za mikia mitupu, na za mahali pengine ni za nyuso. Sababu ni kwamba samaki hujifunza. Mahali ambapo bunduki ya mkuki na nyavu hupita kila siku, samaki mkubwa ameutanua mpaka wake, na umbo la mtu linamtosha kukimbia; mahali palipofungwa kwa muda mrefu, mpaka ule husinyaa.

Katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, mwamba wa upande wa magharibi ulifungwa usivuliwe mwaka 1994, na mgeni aliyevaa miwani na bomba la kupumulia tu huweza kuwatazama samaki kwa karibu mno. Nchini Kenya hifadhi za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na kule Mafia hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 1995, yenye maeneo yaliyofungwa na mengine ambamo wanakijiji wanaendelea kuvua kwa masharti. Basi zile nyuso tuzionazo katika vitabu vya picha, zilizotulia na kutazama moja kwa moja, si kazi ya mpiga picha peke yake. Mara nyingi ni kazi ya wavuvi waliokubali kuliacha eneo lao.

Pepo na maji

Hata aliyeyashika yote yaliyotangulia atarudi mikono mitupu akichagua siku vibaya. Katika kusi bahari huchafuka upande wa wazi wa visiwa, na mtu hutafuta hifadhi upande wa pili. Katika masika mito huleta udongo, kama ule wa mto Sabaki uitiao wekundu bahari ya Malindi. Na kaskazi, pamoja na siku za maleleji pepo zinapobadilishana zamu, ndizo ziletazo maji matulivu na meupe. Ndani ya mwezi wenyewe, bamvu huja na mikondo ya nguvu yenye kutifua mashapo, na maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi wala hayajai sana, hutulia. Na ndani ya siku, maji yajaapo huleta usafi wa bahari kuu juu ya mwamba, ilhali yapwapo hubeba tope la mikokoni. Kwa hiyo saa iliyo bora ni mwisho wa kujaa, katika siku za maji mafu.

Picha iliyo shahidi

Mwaka 1998 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kaida, matumbawe yakautema ule mwani unaoyalisha, yakawa meupe, na mengi yakafa. Kujua mwamba upi ulipona na upi ulikufa, na kwa muda gani, kwahitaji ushahidi, na ushahidi mmojawapo ulio mwepesi ni picha ya mahali pale pale, kutoka pembe ile ile, ikirudiwa mwaka hata mwaka.

Hali kadhalika kwa wanyama. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiyemdhuru mtu, ambaye huonekana karibu na Kilindoni, Mafia, hasa baina ya Oktoba na Februari, ana madoa meupe ambayo hayafanani kwa potwe wawili. Wataalamu huyatazama madoa ya ubavuni nyuma ya mashavu, wakamtambua mmoja mmoja, na kujua kama aliyekuja mwaka huu ndiye aliyekuja zamani. Picha ya ubavu iliyopigwa na mgeni, bila mmweko na bila kumgusa, ikiandikwa tarehe na mahali, huweza kuingia katika hesabu hiyo. Picha nzuri ya uso wake isiyo na tarehe haiwezi.

Muhtasari wa sura

1. Rangi hupotea kwa kadiri ya masafa ya nuru ndani ya maji. Karibia kwanza, ndipo ufikiri juu ya taa.
2. Jicho hukuonyesha samaki yuko karibu kuliko alipo. Ukidhani umefika, bado robo ya njia.
3. Taa ziwekwe kando, zisiziwashe chembe zilizo mbele ya lenzi.
4. Pumzi iliyopimwa huuhifadhi mwamba na huisafisha picha.
5. Jifunze kaida za mnyama mmoja kabla ya kumwendea, na waulize wavuvi.
6. Chagua mwisho wa kujaa katika maji mafu, na siku za kaskazi au maleleji.
7. Andika tarehe na mahali pa kila picha.

Msomaji anayetaka kuanza, basi, asianze kwa kununua. Na ateue kipande kimoja cha mwamba ambacho ataweza kukirudia, akiendee kwa mara za mwanzo bila kamera yoyote, akajue nani anakaa wapi, nani husafishwa saa ngapi, na kila mmoja huanza kukimbia katika umbali gani. Kisha umbali huo utakapokuwa umepungua kwa ajili yake, ndipo achukue chombo, hata kikiwa duni. Juu ya kulichagua chombo hicho, na ni kipi cha kuepuka kwa mwenye mfuko mdogo, tutazungumza katika sura ijayo.